Mwalimu Aliyechukia Blanketi

Mwalimu wetu wa kemia alichukia blanketi. Kwa mwanamke wa Iringa, ambako mwezi wa saba unalala na soksi na bado unaamka magoti yamefika kidevuni, hiyo ni chuki ya ajabu, kama mpishi kuchukia moto. Na si kwamba yeye baridi haikumpata. Alivaa masweta mawili, moja juu ya jingine, na kofia ya sufu aliyojifumia mwenyewe, mbaya kuliko kofia zote nilizowahi kuziona. Blanketi alilolichukia ni lile lililofunika kichanga. Akimwona mama amebeba mtoto aliyezungushiwa nguo hadi puani, aliacha mazungumzo katikati ya sentensi, akavuka barabara na kuuliza bila hata kusalimia: "Umemwangalia macho? Sehemu nyeupe ni nyeupe, au ya njano?"

Wengine walimjibu. Wengine walimwambia akafanye shughuli zake. Mmoja, pale stendi ya Iringa, alidhani ni mwizi wa watoto. Watu wakaanza kukusanyika, na mimi, mtu mzima mwenye shahada na miwani, nikajikuta namwapia muuza mahindi ya kuchoma kwamba huyu ni mwalimu mstaafu, hajaiba kitu. Mwalimu hakuona aibu yoyote. "Macho ni meupe," aliniambia tulipokwisha kuondoka, kana kwamba watu wote wale walikuwa wamekusanyika kungoja jibu hilo.

Sababu ya chuki yake ni mjukuu. Binti yake alijifungua katika hospitali moja ya milimani, kati ya Iringa na Mbeya. Sitaitaja, kwa sababu nikiitaja mtafurahi na kusema kumbe ni ile tu. Mtoto akapata manjano siku za mwanzo, kama wanavyopata vichanga wengi. Kwa wengi huisha yenyewe. Kwa huyu ilizidi. Wodi ilikuwa na taa nzuri ya bluu, ya kazi hiyo hiyo, mpya, iliyopokelewa kwa hotuba na utepe na picha ya pamoja. Mtoto akalazwa chini yake. Lakini dirisha la upande ule halikuwa na vioo, na upepo wa milimani haujui mgonjwa ni nani. Mama, kwa kuwa ni mama, akamfunika mtoto wake kitenge. Nesi akakiona kitenge na kunyamaza, maana kichanga akipata baridi nako ni kufa. Taa ikawaka usiku na mchana, ikimulika kitenge.

Kisha wakaruhusiwa, kwa sababu kitanda kilihitajiwa, wakaambiwa mtoto awe anaoteshwa jua asubuhi. Mama mkwe wa binti akafanya alivyoambiwa, kwa moyo wote. Kila asubuhi alikaa naye kibarazani, amemvisha kofia, soksi, glavu na mashuka mawili ya Kimasai, blanketi juu. Kilichobaki nje ni pua. Mwalimu alikuwa mkoa wa mbali akisimamia mitihani ya taifa. Aliporudi alimkuta mjukuu wake anaota jua kwa pua, shingo imekakamaa, analia sauti nyembamba isiyofanana na kilio cha mtoto. Wakakimbia naye hospitali kubwa. Walikuwa wamechelewa. Msichana yule leo hasikii, na mwili wake unamtii pale unapojisikia.

"Kitenge kilitibiwa vizuri sana," Mwalimu alikuwa akisema. "Nimekikagua. Hakina manjano hata kidogo."

Mtu asiyemjua alicheka hapo, halafu akaona uso wake, akanyamaza.

Nilisoma kwake katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Iringa, ukishika barabara ya kwenda Tosamaganga. Maabara yetu ilikuwa kabati lenye kufuli. Somo alilolipenda ni lile ambalo walimu wengine waliliruka: kwa nini vitu vina rangi. Alianza kwa kuchora ubaoni mnyororo wa kaboni, bondi mbili, bondi moja, bondi mbili, bondi moja, mpaka ubao ukaisha. Kisha alituonyesha dirishani zile nyumba za walimu, zilizojengwa kwa safu, zenye baraza moja ndefu mbele.

"Elektroni wa bondi iliyo peke yake," alisema, "ni kama mtu aliyejifungia ndani. Ukitaka kumwamsha lazima ugonge mlango kwa nguvu. Mwanga wa kawaida hauna nguvu hiyo, unapita tu, kwa hiyo kitu kinaonekana hakina rangi. Lakini bondi zikipangana hivi, moja mbili, moja mbili, elektroni zinatoka zote barazani. Zinakaa pamoja. Baraza likiwa refu, hata ukikohoa tu, wote wameinuka."

Kukohoa huko ndiko kulikuwa mwanga tunaouona. Karoti ina baraza refu, humeza bluu na kuturudishia yale mengine, nasi tunasema ni ya rangi ya machungwa. Mawese kutoka Kyela vivyo hivyo. Aliweka chupa ya mawese dirishani mwanzoni mwa muhula, na tulipokaribia kufunga shule yalikuwa yamepauka kama chai ya bwenini. "Baraza limevunjika," alisema. "Jua limelivunja."

Siku moja alitwanga mchicha, akauchuja kwa spiriti, akatusukuma sote ndani ya stoo ya majembe na kufunga mlango. Akawasha tochi. Maji yale ya kijani yakawaka wekundu mzito, kama kaa lililofunikwa majivu. Tulikuwa vijana wa kidato cha tano, watu wa kudharau kila jambo, na tulisukumana kuona.

"Umeona," alisema gizani. "Kilichomeza mwanga hakiwezi kukaa nao. Lazima kiutoe. Ni kama ninyi nikiwachapa. Nguvu ya fimbo haipotei. Mmoja atapiga kelele. Huyo ni kama mchicha huu, anarudisha mwanga. Mwingine atachemka ndani kwa ndani. Huyo anatoa joto. Na mwingine, mara chache sana, atabadilika."

Mimi nilichemka. Na alituchapa kweli, msidhani ilikuwa mifano. Alimchapa aliyekariri bila kuelewa, kisha akamchapa aliyeelewa bila kukariri, na sote tukatoka pale tukiwa tumejifunza kwamba haki ni somo la mchepuo mwingine.

Alikuwa na ugomvi na lugha ya kufundishia. Shuleni Kiswahili kilikuwa kosa, na aliyekamatwa nacho alivikwa kibao shingoni. Mwalimu alianza kipindi kwa Kiingereza safi cha kupelekea mtihani, na alipofika mahali penye maana alimtazama mkuu wa shule kupitia dirishani, akaona yuko mbali, akahamia Kiswahili. Mkuu akikaribia, anarudi Kiingereza pasipo kumeza mate. Tukajua kwamba Kiingereza ni cha kuandika na Kiswahili ni cha kuelewa. Hakuna aliyetuambia kwamba vitu hivyo viwili vinapaswa kukutana.

Hapo ndipo hasira yake ilipokuwa na mizizi, na niliijua miaka mingi baadaye, nilipohamia Mbeya kuandika makala ambazo mke wangu huzifungia vitumbua, nikakuta Mwalimu naye amestaafu na kuhamia huko kwa binti yake. Siku moja, kwake, nilisema neno la kijinga. Nilisema watu wa vijijini wanahitaji elimu.

Aliweka kikombe chini.

"Binti yangu nilimfundisha mimi," alisema. "Darasa lile lile. Swali la rangi na mwanga lilitoka kwenye mtihani wake wa taifa, akalijibu lote. Urefu wa mnyororo, mwanga unaomezwa, nguvu inakotokea. Alipata alama ya juu kabisa. Wewe ulipata ngapi?"

"Si nyingi, Mwalimu."

"Najua. Miaka ilipita, akalazwa na mtoto wake chini ya taa, akachukua kitenge, akamfunika. Ile manjano ni molekuli yenye baraza. Inameza bluu na kujipinda umbo, basi inayeyuka, inatoka na choo na mkojo. Na rangi za kitenge nazo zina baraza. Zilikaa juu, zikameza mwanga wote, zikautoa joto. Mtoto chini yake gizani. Binti yangu alikuwa anaweza kuichora molekuli ile, lakini hakujua kwamba iko ndani ya mwanawe. Usiniambie mimi elimu."

Binti mwenyewe alikuwa jikoni anasonga ugali, mlango wazi. Mwiko ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

Nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira na kila mtu, nikianza na mimi. Maana na mimi naweza kuandika kurasa juu ya mwanga, nimeziandika. Na mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mimi ndiye niliyekwenda soko la Mwanjelwa kununua blanketi nene kuliko yote.

Msimfanye mtakatifu. Alikuwa mkali bila sababu kwa wahudumu wa hoteli, na kwa wachungaji wa Kilutheri waliohubiri zaidi ya muda. Aliyehubiri mwanga maisha yake yote aliishi kwenye sebule yenye mapazia mazito yaliyofungwa mchana kutwa, jua lisije likala rangi ya vitambaa vya makochi. Nilimuuliza. "Kochi halina manjano," alijibu, na mjadala ukaishia hapo. Na mjukuu wake, ambaye kwa ajili yake alikuwa tayari kugombana na dunia nzima, alishindwa kumjifunzia lugha ya alama. Msichana alifundishwa shuleni kwake na kurudi akizungumza kwa vidole kama mvua. Bibi alikosea kila mara, akaikasirikia mikono yake, akaipiga mezani. Mjukuu alikuwa anacheka mpaka anainama. Alimshika bibi vidole, kimoja kimoja, akavipanga upya.

Jambo moja tu alilitaka: vioo kwenye dirisha la wodi ile, ili mtoto mwingine aweze kulala uchi chini ya taa. Si kwa mjukuu wake, kwake yalikwisha. Alikwenda hospitali mwaka hadi mwaka kukumbusha. Walimkaribisha chai. Walimwambia suala lake liko kwenye mpango. Taa nyingine ikaletwa, ya pili, bora zaidi, na utepe mwingine ukakatwa, na dirisha likabaki na karatasi ya nailoni iliyopasuka, inayopiga makofi upepo ukija. Msinielewe vibaya, wafadhili si wabaya. Ila hakuna anayefadhili kioo cha dirisha. Ukipiga nacho picha, kinachoonekana ni upande wa pili.

Mara ya mwisho nilikutana naye Mwanjelwa, kwenye duka la vioo. Sauti yake ilinifikia kabla sijamwona. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Pwani. Amezaliwa Mbeya, lakini Kiswahili chake hakijawahi kupanda mlima.

"Bibi, nakusihi, chukua hiki cha rangi ya shaba," alikuwa anasema. "Ndicho kinachochukuliwa siku hizi. Unakaa ndani unawaona, wao hawakuoni."

"Sina haja ya kumchungulia mtu. Nataka cheupe."

"Cheupe kimepitwa na wakati, mama yangu."

"Na mimi pia. Kata."

"Sasa ugomvi ni wa nini, bibi? Mimi nakuuzia kioo, sikukuvunjia."

Nilimwamkia. Aliniitikia na kuuliza kama bado nina lile gari langu linalokohoa. Nilipojibu ndiyo alinipa upande mmoja wa furushi la vioo nibebe. Hakuniuliza kama nina nafasi. Mzee wa duka alifunga mkebe wa puti ya kushikizia vioo kwenye gazeti, akatuongezea misumari midogo, akasema, "Nendeni taratibu. Kioo hakisikii dua barabarani."

Tulipita Chimala, penye joto na magunia ya mchele kando ya lami, Mwalimu amekaa kiti cha nyuma akishikilia vioo kama anayeshikilia mgonjwa. Kisha tukaanza kupanda. Baridi ikaingia garini kidogo kidogo. Hakuzungumza, ila kila nilipoingia shimoni aliniita jina langu lote, kama wakati ule akiita mahudhurio.

Katibu wa hospitali alitupokea vizuri. Alikuwa kijana nadhifu, amevaa koti zito zipu hadi shingoni.

"Mwalimu, tunashukuru sana," alisema. "Ila vifaa vinapokelewa kwa utaratibu. Kuna kamati. Ikikaa, tutakuita, utakabidhi rasmi, hata picha tutapiga."

"Fundi wenu yupo?"

"Yupo, lakini hawezi kugusa jengo bila kibali."

"Kamati yenu inasikia baridi?"

"Mwalimu, mimi nafuata taratibu tu."

"Nimekuuliza kama inasikia baridi."

Katibu alinitazama mimi, mwanamume mwenzake mwenye miwani, nimsaidie. Nakiri nilifungua kinywa kusema jambo la kupatanisha, maana huo ndio ufundi wangu. Mwalimu alikuwa ameshatoka. Nikachukua vioo nikamfuata.

Wodini taa ilikuwa inawaka. Nailoni ilikuwa inapiga makofi. Chini ya taa alilala kichanga, na juu yake kitenge, kipya kabisa, maua makubwa mekundu na ya zambarau, yameng'aa vizuri kwenye mwanga ule wa bluu. Mama yake alikaa pembeni, msichana mdogo, amejifunga kanga kichwani. Nilimtazama Mwalimu na kungoja ngurumo.

"Kamwene, mwanangu," alisema, salamu ya Kihehe, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake.

"Kamwene, bibi."

"Macho yake yakoje?"

"Ya njano, bibi. Na amepunguza kunyonya. Wanasema leo wanampima tena."

"Na kitenge hiki?"

Msichana aliangalia dirisha. "Anatetemeka, bibi. Nikikitoa anatetemeka."

"Ndiyo. Anatetemeka kweli, hukukosea." Mwalimu alichuchumaa karibu naye, magoti yakalia. "Sikiliza. Ile njano iko chini ya ngozi. Mwanga huu ukiigusa inajikunja, inageuka umbo, inapata njia ya kutoka, utaiona kwenye nepi. Lakini mwanga haupiti kwenye nguo. Maua haya yanaula wote. Ukimfunika, taa inawaka bure."

"Mbona hawakuniambia hivyo? Waliniambia tu mtoto yuko kwenye mwanga."

Mwalimu aligeuka kunitazama mimi, na hapo ndipo niliona ile hasira ya zamani imerudi yote, imekaa mahali pake.

"Lete kioo," alisema.

Hatukuwa na fundi, wala kibali. Nesi wa zamu alitutazama, akatazama mlango, akasema yeye anakwenda kuhesabu dawa na huko haoni kitu. Kabla hajatoka alisogeza hita ndogo kutoka kwenye meza yake, akaichomeka ukutani karibu na kitanda. Mwalimu aling'oa nailoni kwa mikono. Nilipanda juu ya stuli, nikakiinua kioo cha kwanza, nikakibana kwenye fremu kwa viganja, na Mwalimu akaanza kupaka puti kwa kidole, akilaani fremu, akilaani aliyeipima, akilaani mzee wa Mwanjelwa aliyekata kwa haki lakini jengo lilijengwa upande. Upepo ulipungua kwa tundu moja. Kioo cha pili. Cha tatu. Cha mwisho kiligoma kuingia, kilizidi kidogo tu, na ilibidi nikikandamize kwenye uso wa fremu kwa mikono yote miwili na bega.

"Ukikiachia?" aliuliza.

"Kitaanguka."

"Basi usikiachie."

Mlango ukafunguliwa. Katibu alisimama pale, koti zipu hadi shingoni, na nyuma yake baridi yote ya korido.

"Funga mlango," Mwalimu alisema bila kugeuka. "Unaleta upepo kwa mtoto."

Aliufunga. Alibaki upande wa nje.

Wodi ikatulia. Nilisikia hita inavuma. Nilisikia mama akiuliza kama macho nayo ayaache wazi, na Mwalimu akimwambia hapana, macho yafunikwe kile kitambaa kidogo, nepi ibaki, vingine vyote vitoke. Kitenge kikatolewa. Kikafuata kishuka, kikafuata kifulana. Mtoto alilia kidogo, kama anayelalamika kwa heshima. Kisha akanyamaza.

"Hatetemeki," alisema mama.

Mikono yangu ilikuwa imeanza kufa ganzi na shavu langu liligandishwa na kioo. Nyuma yangu Mwalimu alisema, polepole, "Ni hivi tu."

Mama akadhani anaambiwa yeye. "Ndiyo, bibi. Nimeelewa."

"Ilikuwa ni hivi tu," Mwalimu akasema tena, na sauti ikakatika katikati.

Sikugeuka. Nilikuwa nimeshika kioo.